Shangazi wa Zizini: Kwenda hana neno, kurudi anaona jini

Barua za mwezi huu nimezimwaga mezani, na karibu zote zina kilio kimoja. Farasi kaogopa pipa, farasi kamkimbia nguruwe, farasi kagoma mbele ya turubai, farasi karuka kando kwa sababu mtu kafungua mwavuli. Nimechagua sita. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi si daktari wa mifugo. Ni mtu aliyekaa zizini miaka 31, kumi ya mwanzo nikizoa samadi na kushika kamba za farasi wa watu, iliyobaki nikifundisha farasi wachanga. Bega langu la kushoto halipandi kupita sikio. Sababu yake utaikuta kwenye jibu la barua ya pili.

*Shikamoo Shangazi. Nina farasi jike wa miaka sita, mpole hata watoto hupita chini ya tumbo lake. Kila asubuhi tunapita kando ya pipa la buluu lililowekwa ukutani. Kwenda, hana habari nalo. Kurudi, pipa lile lile analiona kama jini: anasimama, anakoroma, anaruka kando nusura aniangushe. Rafiki yangu mmoja anasema ubongo wa farasi umegawanyika, jicho la kushoto halijui lilichoona la kulia. Mwingine anasema farasi ananichezea akili. Nani mkweli?*
*Mwenye Pipa*

Marahaba, mwanangu. Wote wawili wamekosea, ila wa kwanza ana nafuu kidogo.

Hadithi ya jicho lisilojua la mwenzake niliisikia tangu nazoa samadi, na kwa miaka mingi mimi mwenyewe niliwauzia wengine. Sio kweli. Ubongo wa farasi una daraja linalounganisha pande zake mbili, kama wetu. Mwaka 1999 mtafiti wa Marekani, Evelyn Hanggi, aliwaziba farasi jicho moja akawafundisha kuchagua kati ya alama mbili, kisha akahamishia kizibo kwenye jicho la pili. Farasi wakaendelea kuchagua sawasawa. Walichojifunza kwa jicho hili kilikuwa kimeshafika upande wa pili.

Basi kwa nini pipa? Kwa sababu wakati wa kurudi, kwake yeye, hilo si pipa lile lile. Mwaka 2021 watafiti wa Colorado, akiwemo Temple Grandin, waliwapitisha farasi wachanga mbele ya kifaa kikubwa cha plastiki cha kuchezea watoto, wakapita na kupita mpaka wakakichoka. Kisha wakakigeuza robo mzunguko. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Wale farasi wakakishtukia kama kitu ambacho hawajawahi kukiona maishani.

Wewe ukigeuza kiti unaona kiti. Farasi anaona kivuli ambacho jana hakikuwepo, ncha iliyomwelekea, tundu jeusi ambalo huenda lina mtu ndani. Wanaosema farasi anaogopa vitu hawajamtazama vizuri. Vitu vimemjaa kila upande na analala katikati yake. Kinachomtia hofu ni kubadilika kwa kitu, na ukishalishika hilo, nusu ya barua za mezani kwangu zinajijibu zenyewe.

Kesho nenda kwenye pipa bila farasi, saa ile ile mnayorudi, kutoka upande ule ule wa kurudi. Niliwahi kupigana wiki nzima na farasi mmoja wa hudhurungi kwenye lango. Kutoka, hana neno. Kuingia, miguu inakufa. Nilimkaza hatamu, nikampiga visigino mbavuni, nikamwita majina ambayo mhariri hatayachapisha. Siku ya nane nikaacha ubishi, nikamwacha bandani, nikatembea ile njia peke yangu, nimeinua kidevu juu kadiri nilivyoweza ili macho yangu yakaribie usawa wa macho yake. Hatua kumi kabla ya lango mwanga ukanichapa usoni. Mtu alikuwa amefunga kopo la bati kwenye nguzo ili awekee misumari. Ukiwa unatoka, nguzo inalificha. Ukiwa unaingia, jua la saa nne linaliangukia moja kwa moja, na upepo ukilitikisa linarusha cheche. Siku saba zote nilikuwa namwadhibu farasi kwa kosa la fundi wa misumari.

Ukilitazama pipa kutoka upande huo utaona kitu. Huenda ni mdomo wake mweusi, huenda ni kipande cha kamba kinachoning'inia, huenda ni kivuli chake ukutani tu. Na kumbuka macho ya farasi yanachelewa kuzoea giza kuliko yetu. Akitoka kwenye jua kali na kuingia penye kivuli, kwa muda anakwenda kwa kubahatisha.

Halafu pipa lako ni la buluu. Farasi wanaziona vizuri buluu na manjano, lakini nyekundu na kijani kwao zinafanana. Kule Uingereza, mbao za alama kwenye viunzi vya mbio za kuruka zilipakwa rangi ya chungwa miaka nenda miaka rudi, maana kwa binadamu rangi hiyo inapiga kelele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter wakaonyesha kwamba kwa jicho la farasi chungwa linazama kwenye majani, na wenye mbio wakaamua zipakwe nyeupe. Buluu ya pipa lako haizami popote.

La kufanya: shuka, mwongoze kwa miguu na kamba ndefu. Pita kwa umbali ambao analitazama pipa lakini miguu haisimami. Pita kushoto, pita kulia, zunguka nyuma, rudi. Shingo ikilegea na masikio yakianza kushughulikia mambo mengine, ongeza ukaribu kwa hatua mbili, si zaidi. Kesho yake lisogeze pipa kidogo. Siku nyingine lilaze. Siku nyingine ligeuze mdomo. Unamfundisha kwamba pipa lina sura nyingi na zote ni pipa. Ukirudi mgongoni, usimwelekeze pua kwenye pipa. Pindisha shingo yake kidogo upande wa pili, mguso mdogo tu wa hatamu, na umpe miguu yake kazi: mbele, mbele, mbele.

Na huyo anayesema unachezewa akili, mwambie hivi. Mnyama wa kilo 500 anayekula majani amefika hapa kwa sababu babu zake walikimbia kwanza na kuuliza baadaye. Waliosimama kuchunguza hawakuacha watoto.

*Shangazi, sikusalimii. Mwaka jana uliandika hapa kwamba farasi anayeogopa kitu apelekwe mpaka akinuse, "akishanusa amemaliza". Nikampeleka wangu kwenye turubai. Akanusa. Upepo ukaliinua. Farasi akapita juu yangu. Mbavu mbili. Unasemaje?*
*Mwenye Mbavu*

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na lawama naipokea yote. Niliandika nusu ya somo, tena nusu mbaya.

Nusu iliyobaki ni hii. Farasi aliyesukumwa mpaka pua ikagusa kitu hajakikubali. Ameishiwa pa kwenda tu. Anasimama pale amejaza pumzi, misuli imekaza kama uzi wa gita, na wewe unampapasa ukidhani amekubali. Kinachokuja baada ya hapo hakiwezi kuzuiwa na mkono wa mtu.

Mwaka 2006 watafiti, akiwemo Janne Winther Christensen wa Denmark, walichukua farasi madume wachanga 27 na mfuko mweupe wa nailoni. Kundi moja walitembezewa mfuko mzima mzima tangu mwanzo, mpaka wachoke kuuogopa. La pili walizoeshwa kidogo kidogo, kipande kimoja cha kitisho baada ya kingine. La tatu walipewa chakula pamoja na kitisho. Wale wa kidogo kidogo walikimbia mara chache zaidi na wakamaliza somo kwa vipindi vichache zaidi. Niliposoma hayo nilicheka kwa uchungu, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa kundi la kwanza, wa "atazoea tu".

Turubai lako basi. Likunje liwe dogo kama leso. Liweke mbali, penye utulivu, siku isiyo na upepo. Siku yenye upepo kila kitu kinatikisika, sauti na harufu zinakuja kwa vipande, na farasi anakuwa ameshajaa hofu kabla hujafungua mdomo. Msogeze mpaka mahali anapoinua shingo. Simama. Subiri ashushe. Ukiona ameshusha, mgeuze muondoke. Kuondoka huko ndiyo malipo yake, na hapo ndipo niliposema uongo mwaka jana: sikuandika neno hata moja juu ya kuondoka. Rudi tena, ondoka tena. Likunjue mkunjo mmoja. Rudia.

Njia ninayoipenda kuliko zote inahitaji mtu wa pili. Mtu huyo analikokota turubai lililokunjwa akienda mbele, akimpa farasi mgongo, na wewe unamwongoza farasi nyuma yake kwa mbali. Kitu kinachomjia farasi ni simba. Kinachomkimbia ni jambo la kuchunguza. Nimeona farasi aliyekuwa akitetemeka akaharakisha hatua ili alifikie turubai, mdomo wa juu umenyooka mbele kama mtoto anayetaka kuonja.

Sasa mbavu. Nadhani ulisimama upande wa pili, turubai huko, farasi katikati, wewe huku. Farasi anaruka kulikimbia turubai, na wewe uko kwenye njia yake. Kaa kati ya farasi na kitu, usawa wa bega lake, mbali kidogo kwa urefu wa mkono. Akiruka, ataruka kwenda nafasi iliyo wazi. Na kamba isizungushwe mkononi. Ikunje mikunjo iliyolala kiganjani, inayoweza kuachiwa. Mimi niliizungusha mara mbili kwenye kiganja siku ambayo karatasi ya nailoni ilipeperuka kutoka juu ya banda. Walioniona wanasema nilikokotwa hatua thelathini. Mimi nilihesabu mbili. Bega ndilo hilo.

Wewe hukutumia mjeledi, nakushukuru. Mimi nilitumia, ujana wangu, kwa farasi mweupe aliyekuwa akiogopa toroli lililofunikwa. Nilimpiga mpaka akapita. Alipita siku hiyo tu. Tangu hapo akisikia gurudumu la toroli, hata lisilofunikwa, hata akiwa ndani ya banda lake, alikuwa akitoka jasho shingoni. Kichwani mwake toroli ndilo lililompiga. Mgiriki Xenophon aliyaonya haya zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba ukimpiga farasi anayeogopa kitu, ataunganisha maumivu na kitu hicho. Wahenga wetu nao walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nikawa ndiye ninayeusambaza ung'ongo zizini.

*Shangazi shikamoo. Farasi wangu hajali mbwa, hajali ng'ombe, hata magari makubwa. Lakini jirani ameleta nguruwe, na sasa hatuwezi kupita. Akiwasikia tu, hata kabla hawajaonekana, anageuka kurudi nyumbani. Je, nguruwe wana nini?*
*Jirani wa Nguruwe*

Marahaba. Wana mengi. Wako chini, wanapotelea vichakani, wanaguna bila kuonekana kisha wanachomoka ghafla. Harufu yao ni kali na haifanani na ya mnyama yeyote wa miguu minne aliyezoeleka zizini. Masikio ya farasi yanazunguka kila moja kivyake, na yanasikia sauti nyembamba kuliko sisi: mtu mzima mwenye masikio mazuri anaishia karibu kilohezi 20 (ndicho kipimo cha wembamba wa sauti), farasi anafika kilohezi 33. Kwa hiyo akisimama na kutazama mahali ambapo wewe huoni kitu, usimwambie hakuna kitu. Wewe ndiye huna habari.

Hofu hii ya mnyama mgeni imewahi kuamua vita. Herodotus, mwandishi wa historia wa Ugiriki ya kale, anasimulia kwamba katika karne ya 6 KK, mfalme Koreshi wa Uajemi alipokabiliana na Croesus, mfalme wa Lydia (katika Uturuki ya leo), aliyekuwa na wapanda farasi hodari, aliwashusha mizigo ngamia wake, akawapandisha askari na kuwatanguliza mbele. Farasi wa Lydia walipowaona na kuwanusa, wakageuka nyuma. Wapandaji ikabidi washuke wapigane kwa miguu. Farasi wa vita, waliozoea mikuki na kelele, wakashindwa na harufu. Nawe unamlaumu wako kwa nguruwe wa jirani.

Tofauti ya nguruwe na pipa ni kwamba nguruwe hukai naye kwa ratiba yako. Hawezi kukunjwa kama turubai. Kwa hiyo acha muda ufanye kazi. Zungumza na jirani, kama ardhi inaruhusu, farasi wako awe anachungia mahali anapowaona nguruwe kwa mbali sana, na penye nafasi ya kukimbia. Siku tatu za kwanza atakimbia. Mwache akimbie. Atasimama, atageuka, ataangalia. Nguruwe hawatamfuata, na hilo ndilo somo. Baada ya hapo ataanza kula huku sikio moja likibaki kwao. Huenda zikapita wiki.

Kama una farasi mzee asiyejali nguruwe, mweke naye. Christensen huyo huyo alionyesha mwaka 2008 kwamba farasi mchanga akiwa na mwenzake aliyeshazoea kitisho hashtuki sana kama yule asiye na mwenzake wa namna hiyo, na kwamba baadaye akiachwa peke yake utulivu huo unabaki. Hakikisha tu mzee wako ni mtulivu kweli. Hofu nayo huambukiza, tena haraka zaidi.

Kwa wenye ng'ombe au mbuzi nasema jambo moja la ziada: panda farasi, fuata kundi kwa nyuma. Taratibu, bila kuwasukuma. Ng'ombe wakienda mbele yake, farasi anagundua kwamba ana uwezo wa kuwaondoa njiani, na baadhi yao wanaanza kuringa. Nilikuwa na farasi mmoja mfupi aliyewaogopa ndama, na mwezi mmoja baadaye kazi ikawa kumzuia asiwaume mikia.

Mbwa wa mtu usiyemjua ni suala jingine. Huyo mgeukie, uso wa farasi kwa mbwa, usimpe mgongo wala usikimbie. Mpaka mwenyewe amfunge.

*Shangazi, nimfunge vifunika macho?*
*(Hakusaini)*

Kwa mkokoteni, penye mtu anayejua, ndiyo, vina kazi yake. Kwa kumpanda farasi mwoga, hapana. Farasi anaona karibu nyuzi 350 kumzunguka, anakosa tu kipande kidogo nyuma ya mkia na kingine mbele ya paji la uso. Ukimpunguzia hayo, sauti zinabaki, harufu zinabaki, na sasa hajui zinatoka wapi. Jaribu kutembea njiani usiku huku umefunikwa ndoo kichwani, halafu uniandikie umetulia kiasi gani.

*Shikamoo Shangazi. Farasi wangu ana miaka 14, dume aliyehasiwa, tumekaa pamoja miaka tisa. Hajawahi kuogopa chochote. Tangu mwezi uliopita anaruka kwa majani, kwa jiwe, kwa kuku, na kila mara ni upande wa kulia. Watu wananiambia amekuwa mkaidi kwa uzee, nimkaze.*
*Mwenye Mzee*

Marahaba. Funga ukurasa huu na umpigie daktari wa mifugo leo. Usingoje wiki ijayo.

Farasi mwoga ni mwoga tangu zamani. Farasi mtulivu wa miaka tisa anayeanza kuruka ghafla, tena upande mmoja, ana kitu kilichobadilika ndani yake mwenyewe. Jicho la kulia ndilo la kwanza kutazamwa. Kuna uvimbe wa ndani ya jicho unaokuja na kuondoka kisha ukarudi. Watu wa zamani waliuita upofu wa mwezi, kwa kudhani unafuata mwezi angani. Siku za maumivu utaona machozi, jicho linafumbwa nusu mchana, au wingu la kibuluu juu ya mboni. Siku nyingine halionyeshi dalili yoyote na huku linaharibika. Likiwahiwa, kuna cha kufanya. Likicheleweshwa, mnyama anapofuka.

Kama macho ni mazima, mwombe daktari aangalie meno, mgongo, tandiko linavyokaa, na tumbo. Vidonda vya tumbo humfanya farasi awe na hasira na wasiwasi, akakunja masikio ukikaza mkanda wa tumboni. Maumivu hayasemi "naumwa". Yanasema "kuku!" na kuruka.

Wakati unamsubiri daktari, fanya vitu viwili. Andika kila anaporuka: saa, mahali, upande, mwanga ulikuwaje. Daktari atakupenda. Na asubuhi akiwa ametulia bandani, hesabu mapigo ya moyo. Weka vidole chini ya taya, penye mshipa unaoteleza juu ya mfupa, hesabu kwa dakika nzima. Farasi mkubwa aliyepumzika huwa kati ya 28 na 44. Namba ikiwa juu ya hapo siku kadhaa mfululizo naye hajafanya kazi yoyote, mwambie daktari.

Usimpande mpaka daktari akuruhusu. Na hao wanaosema umkaze, waombe wafumbe jicho moja washuke ngazi mbio.

*Shangazi shikamoo. Mimi sina tatizo na farasi, nina tatizo na mimi. Nilianguka mara moja, sikuumia sana, lakini sasa nikiona kitu chochote kinachopepea mbele, naona tayari nimeanguka. Na farasi anaruka kweli. Mwalimu wangu akipanda farasi huyo huyo, haruki. Ni mimi ninayemtisha?*
*Mwoga Mwenyewe*

Marahaba, na ahsante kwa barua ya kweli kuliko zote za mwezi huu.

Kwa sehemu, ndiyo. Sweden, mwaka 2009, Linda Keeling na wenzake waliwaomba watu waongoze farasi au wawapande, kutoka hapa mpaka pale, mara nne. Kabla ya mara ya nne wakawaambia: safari hii farasi akipita tutafungua mwavuli. Mapigo ya moyo ya watu yakapanda. Ya farasi nayo yakapanda. Mwavuli haukufunguliwa. Farasi hakuambiwa lolote na mtu yeyote, aliambiwa na mikono iliyoshika kamba na miguu iliyobana mbavu zake.

Kwa hiyo unapoona mfuko unapepea, angalia unafanya nini. Nakuhakikishia unafanya haya: unaukodolea macho, unashika pumzi, unainama mbele, unafupisha hatamu. Farasi anaipata habari hiyo yote mgongoni na mdomoni kwa wakati mmoja. Mwenzangu kanyamaza ghafla na kujikunja. Ameona nini?

Kujiambia "usiogope" hakusaidii, mimi nimejaribu. Lisaidie pafu, maana ndilo unaloweza kuliamuru. Toa pumzi yote, ndefu, kwa sauti. Ukitoa pumzi makalio yanakaa kwenye tandiko na mabega yanashuka bila wewe kuyaomba. Macho yatazame mbali, pale mnapokwenda, ng'ambo ya mfuko. Hatamu iwe ndefu kiasi cha farasi kugeuza shingo kidogo na kutazama. Ukimnyima kutazama, ataona anafichwa. Vidole viwili viushike mkanda wa shingo au singa, ili akiruka usining'inie kwenye mdomo wake. Kofia ngumu kichwani kila siku, hata siku ya kutembea tu, nami sibishani na mtu kuhusu hilo.

Na sema kitu. Mtu anayesema hawezi kushika pumzi. Wengine huimba. Mimi sauti yangu ingemtisha farasi zaidi, kwa hiyo baada ya kuvunjika bega nilikuwa nikipita penye vitisho nikihesabu jedwali la kuzidisha kwa sauti. Saba mara moja saba. Saba mara mbili kumi na nne. Kichwa kinachotafuta saba mara nane hakina nafasi ya kupanga anguko. Vijana wa zizini walinicheka mwaka mzima, mpaka nikamkuta mmoja wao kwenye kona ya mashine ya kukata majani, juu ya farasi mchanga, anajihesabia tisa kimya kimya, midomo inacheza.

Anza na jedwali la pili, kwenye njia mnayoijua. Ukifika la saba, niandikie ulikosea wapi na yeye alifanya nini hapo.